Shilingi ngapi za umma kwa afya ya kila mkazi? Mwongozo wa kukokotoa, kuanzia zahanati ya kijiji hadi Mkoa wa Dodoma

"Mbukwenyi!" Diwani akishasalimia hivyo na kufungua karatasi zake, kinachofuata kwenye mkutano wa kijiji ni mabilioni. Bilioni kadhaa za afya, bilioni kadhaa za elimu, na wananchi waliokaa chini ya mbuyu wanapiga makofi kwa sababu ndiyo desturi. Hakuna anayeuliza, maana bilioni haishikiki. Igawanye kwa watu wa kijiji, ikae shilingi elfu kadhaa kwa kila mkazi kwa mwaka mzima, hapo hata bibi asiyejua kusoma atauliza kwa nini alipewa cheti akanunue dawa dukani.

Nimekuwa mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati moja katika nyanda hizi za kati. Miaka miwili ya mwanzo tulipitisha mpango wa mwaka bila kujua kama fedha tunayoipitisha ni nyingi au kidogo. Tuliona jumla tu. Tulipoanza kuigawanya kwa vichwa vya watu, kikao kilichozoea kuisha saa nne asubuhi kikaenda mpaka adhuhuri. Hesabu yenyewe si ngumu, unahitaji daftari, kikokotoo cha simu na uvumilivu wa kwenda ofisini zaidi ya mara moja. Ugumu uko kwenye kujua fedha inapita njia zipi, na watu ni wangapi kweli.

Hatua ya kwanza: amua unapima fedha ipi

Kuna fedha iliyopangwa, kuna iliyopokelewa, na kuna iliyofika kwa mgonjwa ikiwa dawa, kipimo au mkono wa muuguzi. Ni namba tatu tofauti. Ukimsikia mtu anasema "Serikali inatumia kiasi hiki kwa kila Mtanzania", mara nyingi anataja ya kwanza. Wewe tafuta zote tatu, na kila moja uiandikie ukurasa wake.

Pili, tenganisha fedha ya umma na fedha ya mfukoni. Tangu mwaka 1993, mfumo wa uchangiaji ulipoanza kurudishwa hospitalini, matibabu yamekuwa yakilipiwa na pande mbili. Wajawazito, watoto chini ya miaka mitano, wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, na wagonjwa wa maradhi kama kifua kikuu wana msamaha kisera. Wengine wanalipa papo kwa papo au wana bima. Fedha ya papo kwa papo imeingia kwenye akaunti ya zahanati, ni kweli, lakini haikutoka serikalini. Ukiichanganya humo, utaisifu Serikali kwa fedha uliyoitoa mwenyewe.

Bima inahitaji uamuzi wako. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999, unakata asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma: asilimia 3 yake, asilimia 3 ya mwajiri. CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ilitoza kaya ya watu sita shilingi 30,000 kwa mwaka, yaani shilingi 5,000 kwa kichwa, na utaratibu wa tele kwa tele ukaitaka Serikali iongeze kiasi kilekile juu yake. Na tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwezi Novemba 2023, sehemu hii ya hesabu inazidi kukua. Ushauri wangu ni kuiweka bima kwenye safu yake peke yake, usiijumlishe na ruzuku wala na papo kwa papo, na useme wazi kwamba umefanya hivyo.

Hatua ya pili: hesabu watu sawasawa

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na mimi niliwahi kuharibu. Namba ya watu ikiwa ya zamani, fedha kwa kila mtu inavimba.

Chukua Jiji la Dodoma. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Makao makuu yamehamia, viwanja vimepimwa mpaka kwenye mashamba ya zabibu, na wakazi wameongezeka kwa asilimia 86 ndani ya miaka kumi. Sasa tuseme kuna shilingi bilioni 10 za kugawanya. Kwa watu wa 2012 kila mkazi anapata shilingi 24,334. Kwa watu wa 2022 anapata 13,069. Hakuna shilingi hata moja iliyoibiwa hapo, ila taarifa ya kwanza ni ya uongo kwa karibu nusu.

Kwa halmashauri zote nane za mkoa, hizi ndizo namba za sensa ya 2022: Jiji la Dodoma 765,179, Chamwino 486,176, Kongwa 443,867, Mpwapwa 403,247, Chemba 339,333, Bahi 322,526, Wilaya ya Kondoa 244,854 na Mji wa Kondoa 80,443. Mkoa mzima ni watu 3,085,625, kutoka 2,083,588 mwaka 2012.

Sensa haifanyiki kila mwaka, kwa hiyo utalazimika kukadiria. Mkoa umekua kwa karibu asilimia 4 kwa mwaka, lakini wastani huo umevutwa juu na jiji. Ukiliondoa, halmashauri saba zilizobaki zimekua kwa takribani asilimia 3.3 kwa mwaka. Kwa kijiji cha Bahi au Chemba tumia hiyo ya pili. Kijiji kilichokuwa na watu 3,936 mwaka 2022, zidisha kwa 1.033 mara mbili, utapata watu 4,200 mwaka 2024.

Kisha uliza swali la mipaka: zahanati yenu inahudumia kijiji kimoja tu? Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, lakini pale ambapo zahanati ya jirani haijaisha kujengwa, watu wake wanakuja kwenu. Angalia daftari la wagonjwa wa nje, Kitabu namba 5 cha MTUHA, mfumo wa Serikali wa taarifa za huduma za afya. Lina safu ya mahali mgonjwa anapoishi. Ukikuta robo ya wagonjwa wanatoka vitongoji vya kijiji jirani, waongeze kwenye idadi.

Kwa hospitali kubwa hesabu hii haiendi kabisa. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Chuo Kikuu cha Dodoma inapokea rufaa kutoka Singida na mikoa mingine. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Kugawanya bajeti zao kwa wakazi wa Dodoma ni kuwabebesha wakazi hawa fedha inayotibu nchi nzima.

Hatua ya tatu: ifuate fedha kwenye mikondo yake

Fedha ya zahanati haiji kwenye mfuko mmoja. Inakuja kama maji ya mvua za huku kwetu, kupitia makorongo mbalimbali, na mengine huyaoni mpaka uende mwenyewe.

Korongo la kwanza ni mishahara. Hii haipiti kwenye akaunti ya zahanati kabisa, inatoka Hazina kwenda kwa mtumishi. Ndiyo maana kamati nyingi huisahau, na ukiisahau umeacha sehemu kubwa kuliko zote. Omba jumla ya mwaka tu. Usiombe mshahara wa mtu mmoja mmoja, hiyo ni siri yake na huihitaji.

La pili ni Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani pamoja na Serikali. Zamani fedha hii iliishia wilayani. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya benki ya kituo, kwa awamu nne, na matumizi yake yanaingizwa kwenye FFARS, mfumo wa kompyuta wa uhasibu wa vituo. Hili ni badiliko kubwa, kwa sababu sasa taarifa ya benki iko palepale kwa mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa zahanati, na kamati ina haki ya kuiona.

La tatu ni dawa na vifaa tiba kutoka Bohari ya Dawa, MSD. Zinakuja kama maboksi, hazipiti benki, na thamani yake iko kwenye ankara zinazoambatana na mzigo. Zikusanye zote za mwaka. Pembeni yake weka oda zenyewe, maana tofauti kati ya kilichoombwa na kilicholetwa utaihitaji baadaye.

Hapa kuna mtego. MSD ikikosa dawa, zahanati inanunua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, kupitia Jazia, utaratibu uliozaliwa hapahapa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambazwa mikoa mingine ya Tanzania Bara. Fedha ya kununulia inatoka kwenye akaunti ya zahanati, yaani kwenye Mfuko wa Pamoja, bima au papo kwa papo. Ukiandika Mfuko wa Pamoja kwenye safu moja na dawa za mshitiri kwenye safu nyingine, umeihesabu shilingi moja mara mbili. Dawa za mshitiri ziandike kama matumizi ya fedha ambayo tayari unayo.

Korongo la nne ni miradi ya magonjwa maalumu: chanjo, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vyandarua, vipimo na dawa za malaria, dawa za kifua kikuu. Sehemu kubwa inatoka nje, kupitia mifuko ya kimataifa ya Global Fund na Gavi, na Serikali ya Marekani, na haionekani kwenye bajeti ya zahanati. Tangu Marekani isimamishe misaada yake mwezi Januari 2025, safu hii inafaa isimame peke yake, ili ikipungua ijulikane imepungua wapi.

La tano ni mapato ya ndani ya halmashauri na fedha za ujenzi. Ujenzi uwekwe mbali. Mwaka 2021 Serikali ilipopata mkopo nafuu wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na UVIKO-19, na tozo za miamala ya simu zikajenga vituo vya afya, kuna maeneo yaliyoonekana kupaa ghafla kwa fedha kwa kila mkazi. Mwaka uliofuata yakashuka. Wagonjwa hawakutibiwa vizuri mara kumi mwaka ule, ulikuwa ni saruji na nondo. Ukitaka kuijumuisha, igawanye kwa miaka ambayo jengo litadumu: jengo la shilingi milioni 150 kwa miaka 30 ni milioni 5 kwa mwaka, sawa na shilingi 1,190 kwa kila mmoja wa wakazi 4,200.

Hatua ya nne: omba takwimu kwa maandishi

Anza kwa mganga mfawidhi, kwa heshima. Mara nyingi ni kijana aliyepangiwa mbali na kwao, anatibu, anajaza madaftari ya MTUHA na kufanya uhasibu ambao hakuusomea. Mweleze kwamba hesabu hii itamsaidia kudai anachokosa. Nimeona wafawidhi wakitoa mafaili yote wenyewe baada ya kuelewa hilo.

Mishahara na miradi ya magonjwa utavipata kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri na taarifa zake za utekelezaji za kila robo mwaka. Andika barua kwa Mkurugenzi Mtendaji, nakala kwa Mganga Mkuu. Maneno haya yanatosha:

"Kwa mujibu wa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, naomba taarifa ya fedha zilizopangwa na zilizopokelewa kwa zahanati ya kijiji chetu kwa mwaka wa fedha ulioishia tarehe 30 Juni, kwa mchanganuo wa mishahara, Mfuko wa Pamoja wa Afya, thamani ya dawa kutoka MSD, na miradi ya magonjwa maalumu."

Sheria inampa mwenye taarifa siku 30 kujibu. Barua igongwe muhuri wa kupokelewa, nawe ubaki na nakala yenye muhuri huo. Niliwahi kurudishwa mara tatu kwenye ofisi moja kwa kukosa kipande hicho cha karatasi.

Hatua ya tano: kokotoa

Tuchukue zahanati ya mfano, namba nimezitunga ili uone hesabu inavyokwenda. Wakazi ni 4,200. Kwa mwaka ilipangiwa mishahara ya watumishi wanne shilingi 31,200,000, Mfuko wa Pamoja 9,600,000, dawa za MSD 14,700,000, na miradi ya magonjwa yenye thamani ya 6,300,000. Jumla ya fedha ya umma ni 61,800,000. Gawanya kwa 4,200: shilingi 14,714 kwa kila mkazi kwa mwaka. Ndani yake mishahara ni 7,429, Mfuko wa Pamoja 2,286, dawa 3,500, miradi 1,500.

Sasa fungua ukurasa wa pili. Mishahara ilikuja yote. Miradi ilikuja yote. Mfuko wa Pamoja ulileta awamu tatu kati ya nne, shilingi 7,200,000. MSD ilileta dawa za 9,450,000 tu. Jumla iliyopokelewa ni 54,150,000, sawa na 12,893 kwa kila mkazi.

Ukisimama hapo utasema fedha imepungua kwa asilimia 12, si mbaya sana. Lakini tazama safu ya dawa peke yake: kutoka 3,500 hadi 2,250 kwa mkazi. Hiyo ni pungufu ya asilimia 36. Mshahara haupungui, kwa hiyo upungufu wote unaangukia kwenye kabati la dawa na kwenye mafuta ya pikipiki ya huduma za mkoba, zile zinazowafuata watu vitongojini. Jumla inaweza kuonekana nzuri wakati mama aliyebeba mtoto mwenye homa anatumwa duka la dawa muhimu. Kwa sababu hiyo nasisitiza usitangaze namba moja. Tangaza jumla, na chini yake dawa.

Mwisho chukua mahudhurio kutoka MTUHA. Kama ni 5,040 kwa mwaka, kila mkazi amefika zahanati wastani wa mara 1.2, na kila hudhurio limegharimu shilingi 10,744, ambazo dawa za MSD ndani yake ni 1,875. Andika pia papo kwa papo, tuseme 3,150,000, yaani shilingi 750 kwa mkazi. Mwaka ambao dawa za MSD zinashuka, angalia kama hii inapanda.

Hatua ya sita: panda wilayani, mkoani na taifani

Kwa halmashauri njia ni ileile: jumlisha zahanati, vituo vya afya, hospitali ya halmashauri na ofisi ya Mganga Mkuu, ugawanye kwa wakazi wote. Hospitali za mashirika ya dini zinazopokea ruzuku na watumishi wa Serikali zinaingia kwa kiasi cha ruzuku hiyo tu.

Kwa vitabu vya bajeti ya taifa, kumbuka fedha ya afya imekaa kwenye mafungu mengi. Wizara ya Afya ni Fungu 52. OR-TAMISEMI, ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa, ni Fungu 56. Mkoa wa Dodoma ni Fungu 72, na Tume ya Kudhibiti UKIMWI ni Fungu 92. Mwaka 2024/25 Wizara ya Afya iliomba Bunge takribani shilingi trilioni 1.31. Kwa Watanzania 61,741,120 wa sensa ni kama shilingi 21,200 kwa mtu. Ukikuza idadi ya watu kwa asilimia 3.2 kwa miaka miwili inashuka hadi kama 19,900. Lakini usiiseme hiyo kuwa ndiyo gharama ya afya ya umma kwa Mtanzania, kwa sababu muuguzi wa zahanati yako hayumo humo. Mshahara wake uko upande wa mikoa na halmashauri.

Hatua ya saba: linganisha kwa haki

Miaka: ondoa mfumuko wa bei. Kwa wastani ulikuwa asilimia 4.3 mwaka 2022, 3.8 mwaka 2023 na 3.1 mwaka 2024. Dawa za shilingi 3,500 za mwaka 2021 zinahitaji karibu shilingi 3,900 mwaka 2024. Fedha ikibaki palepale, imepungua.

Maeneo: fomula ya ruzuku ya afya iliyoanza mwaka 2004 iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 70, na umaskini, umbali wa njia za gari la huduma na vifo vya watoto chini ya miaka mitano asilimia 10 kila kimoja. Ni fomula yenye nia njema. Ila mshahara unamfuata mtumishi aliko, na watumishi wanapenda kukaa karibu na mji. Kumpelekea mtoto wa kitongoji cha mbali Chemba chanjo kunakula mafuta na siku nzima. Mtoto wa Mji wa Kondoa analetwa na mama yake kwa miguu. Fedha sawa kwa kichwa haileti huduma sawa, na mimi naamini kijiji cha mbali kinastahili zaidi. Kuna pia mwaka wa balaa, kama 2016 sumukuvu ya mahindi ilipoua watu Dodoma na Manyara. Fedha ya dharura iandikie maelezo pembeni.

Viwango vya dunia: mwezi Aprili 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Wataalamu wa Chatham House, taasisi ya utafiti ya London, mwaka 2014 walikadiria dola 86 kwa mtu kwa mwaka kwa huduma za msingi katika nchi za kipato cha chini. Kwa dola moja shilingi 2,500 hiyo ni shilingi 215,000. Inajumuisha ngazi zote, kwa hiyo iweke pembeni ya namba ya taifa, kamwe si ya zahanati.

Hatua ya nane: ipeleke mkutanoni

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Mpe mwenyekiti karatasi yako wiki moja kabla, na mganga mfawidhi aione kwanza ili asishtukizwe mbele ya watu. Ubaoni ziandikwe namba nne tu, kwa herufi kubwa: iliyopangwa kwa kila mkazi, iliyopokelewa, dawa zilizopangwa, dawa zilizofika. Kisha uliza swali moja linaloweza kujibiwa: "Mheshimiwa Diwani, awamu ya nne ya Mfuko wa Pamoja haikuingia. Iko wapi, na italetwa lini?" Hakikisha swali limeandikwa kwenye muhtasari, kwa sababu diwani anaibeba hoja hiyo hadi Baraza la Madiwani, ambako vikao ni vya wazi na unaweza kwenda kusikiliza.

Nakala moja ya hesabu ibaki kwa mtendaji wa kijiji, moja ibandikwe mlangoni mwa zahanati, moja kwenye faili la kamati pamoja na ankara. Tarehe 1 Julai mwaka mpya wa fedha unaanza. Fungua ukurasa mwingine, uandike idadi ya wakazi juu kabisa.